Kumpisha Baba Mkwe

Kati ya nyumba yetu ya Ngana na shamba letu la viazi palikuwa na kilima ambacho wenzangu hawakujua kama ni kilima. Ungewauliza, wangekuambia njia ni tambarare tupu, toka mlangoni hadi shambani. Mimi nilijua hasa inapoanza kupanda, kwa sababu kifua kiliniambia kabla miguu haijasikia. Pumzi yangu ilikatikia pale. Palepale nilikaribia kupoteza ndoa yangu na mtoto wangu, na katikati ya mambo hayo yote alikuwepo mzee mmoja ambaye mpaka anaingia kaburini sikuwahi kumwona uso.

Sikuzaliwa Ngana. Nilizaliwa Ikombe, kijiji cha ziwani ambako usipopanda mtumbwi hufiki, na mama yangu alikuwa mfinyanzi kama mama zetu wote. Vyungu tulivichomea nje, kwa nyasi na kuni, na sisi wasichana tulikaa karibu na moto kuongeza nyasi kila zilipopungua. Moshi wa vyungu, moshi wa samaki wa kukausha, moshi wa jikoni wakati wa masika, wote niliumeza nikiwa mdogo, na hakuna aliyefikiri kwamba moshi unakaa. Tulidhani ukiuvuta unatoka. Nilipovunja ungo nilikuwa tayari nakohoa kila asubuhi mpaka machozi yananitoka. Mama akasema ni vumbi la udongo, litakwisha nikiolewa. Mama alikuwa na majibu ya namna hiyo kwa kila jambo.

Mume wangu alinikuta Mwaya, tulikokuwa tunapeleka vyungu kubadilishana na ndizi na ulezi wa watu wa bondeni. Ilikuwa miaka ile boma la Wadachi, wale Wajerumani, limekwisha kukaa kule juu, na askari wanashuka kudai kodi ya vibanda. Alinipenda, sijui kwa nini. Mimi mtu akinipenda haraka huwa nageuka nyuma kuangalia nani mwingine amesimama pale. Lakini ng'ombe walitolewa, nikaenda Ngana.

Watu wa kule walikuwa wema, ila wema wao ulikuwa na macho. Kwao mtu hakuugua bure. Mtu akikonda wakati chakula kipo, walikuwa na maelezo ya aina mbili. Ama amekosa, amemjibu vibaya mama mkwe au amevunja mila, na majirani wamemnung'unikia wakiota moto, na yale manung'uniko yamemwendea kama baridi yakamkaa mwilini. Waliyaita pumzi ya watu. Dawa yake ni kukiri kosa. Au basi ana chatu tumboni, yaani ni mchawi, na anachoka mchana kwa sababu usiku alikuwa kazini.

Mimi nilikuwa mgeni, mwembamba, na mchana nachoka.

Zamani, waliniambia, mambo haya yalimalizwa kwa mwafi, ile dawa ya magome. Unakunywa mbele ya watu. Ukitapika huna hatia, na waliokusingizia wanakuomba radhi. Boma likaupiga marufuku. Nawashukuru Wadachi kwa hilo, maana kwa kifua hiki sidhani ningekuwa na nguvu za kutapika. Lakini mwafi ulipoondoka, shaka ilikosa mahali pa kuishia. Mtu alikushuku leo, akakushuku na mwakani, na hukuwa na pa kwenda kujisafisha.

Nikitajwa, ningerudishwa Ikombe. Ng'ombe wangerudi kwa wenyewe, mimi ningerudi kwa mama, na binti yangu angebaki Ngana, kwa kuwa mtoto ni wa upande wa baba. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Kwa hiyo niliamua kwamba siumwi.

Nilijifunza kuchoka kwa siri. Mtungi nilijaza nusu, nikasema shingo yangu haijazoea mizigo ya bondeni. Nafaka nilipepeta nimekaa. Asubuhi mapema, kabla makohozi hayajatoka, sikugusa kazi nzito. Nilijifanya nashughulika na mtoto, namfunga, namfungua, namfunga tena, mpaka kifua kilegee. Njiani sikuongea. Mtu akiniuliza kitu tukiwa tunatembea, nilitikisa kichwa, na kwa hilo nikapata sifa ya majivuno. Niliipokea sifa hiyo kwa furaha, maana mwenye majivuno harudishwi kwao. Niligundua pia, bila kufundishwa, kwamba nikibana midomo na kupuliza taratibu kama mtu anayepooza uji, pumzi inarudi upesi kuliko nikihema mdomo wazi. Kulala nililala nimeegemea ukuta. Mume wangu alipouliza nilimwambia ndivyo tunavyolala Ikombe, kwa kuogopa mawimbi. Aliamini. Alikuwa mtu wa ng'ombe, ziwa hakulijua.

Makohozi ndiyo yaliyonisumbua zaidi, kwa sababu makohozi yanaonekana. Nilikuwa na kijungu kidogo nilichokuja nacho kutoka kwetu, chenye kifuniko chake. Nilikificha kwenye udongo pale kilimani, ndani ya migomba, nikawa natemea humo na kukifukia.

Mara moja nilipokwenda kuwasalimu wazazi, nilipita kwa wamisionari wa kule ziwani. Bibi mmoja wa Kizungu aliweka sikio mgongoni kwangu, akasikiliza muda mrefu, akanipa dawa chungu ndani ya chupa na kuniambia nipumzike mara kwa mara, nisipande vilima. Ile dawa niliinusa siku nyingi kabla ya kuionja. Ule ushauri wa kupumzika ndio ulionichekesha. Nipumzike wapi? Mke wa mtu akikaa chini katikati ya njia na jembe begani, kufika jioni kijiji kizima kimekwisha kumpa ugonjwa na sababu yake.

Mbele ya nani sasa ningekaa chini? Si mbele ya wifi yangu. Dada mkubwa wa mume wangu alikuwa amefiwa na mumewe akarudi kwao, akawa anakaa na mama mkwe ng'ambo ya kijito. Kila siku ya kazi alinipitia twende shambani. Alitembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kila alipogeuka kuniangalia, nilijua anapima. Alinipenda kwa maneno, kwa macho akanichunguza.

"Mbona unabaki nyuma?"

"Naangalia njia nisikanyage nyoka."

"Nyoka wako Ikombe, huku ni njia ya watu."

Neno nyoka nililijutia mara tu lilipotoka mdomoni.

Kilichoniokoa ni mila ambayo mwanzoni niliiona adhabu. Kwa watu wa Ngana, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, hawaonani kabisa. Mwanamke akisikia mzee anakuja, anatoka njiani, anaingia nyuma ya migomba, anachutama, anajifunika kaniki kichwani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Haingii nyumbani kwake. Hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Jina la mzee wetu lilikaribiana na neno lao la mvua, basi mimi mvua niliiita "yale ya juu", na watoto wa watu walinicheka. Hata makazi yalitengwa: wazee ng'ambo ya kijito, vijana waliooa huku. Kwetu Ikombe wakwe tuliwaheshimu, lakini si kwa kujificha majanini.

Siku moja tulikuwa tunakipanda kile kilima, mimi nikiona giza pembeni mwa macho, ndipo wifi akasema, "Tata huyo anakuja." Tata ni baba. Niliingia kwenye migomba nikajitupa chini, kaniki kichwani. Wifi hakuwa na haja ya kujificha, mzee ni baba yake. Alibaki njiani akageuza mgongo kuniachia nafasi. Mzee akapita polepole, fimbo yake ikigonga udongo. Nilipoinuka kifua kilikuwa kimetulia kama nimelala. Na hakuna aliyeniuliza kwa nini nilikaa chini muda wote ule. Wifi aliniambia, "Ndaga. Mama yako alikufunza vizuri." Ndaga ni asante yao. Ilikuwa asante ya kwanza niliyoipata kutoka kwake.

Sikuchelewa kuelewa nilichookota.

Tangu hapo nilimpisha baba mkwe hata asipokuwepo. Tukifika kilimani nilisimama ghafla, nikasema, "Wifi, nimemsikia baba," nikazama majanini. Nilipuliza uji wangu wa uongo, nikatemea kijunguni, nikafukia, nikatoka. Sikuona haya, na leo sioni. Wenzangu walikuwa na mapafu, mimi nilikuwa na baba mkwe.

Wifi hakuwa mjinga.

"Tata yuko wapi? Mbona mimi simwoni?"

"Nimesikia fimbo yake."

"Masikio yako ni makali sana, gwe mtoto wa Ikombe."

"Naogopa kukosa adabu, wifi."

Jibu hilo lilimfunga mdomo, kwa sababu huwezi kumkataza mkamwana kumheshimu baba yako. Lakini niliona linavyomkaa kooni. Alianza kutembea huku akitazama kushoto na kulia, akimtafuta baba yake kama mtu aliyepoteza ndama.

Kisha mzee akaanza kuwepo kweli.

Ilikuwa wakati wa kupalilia. Nilifika kilimani, nikasema maneno yangu ya siku zote, nikaingia kwenye migomba. Nilikuwa nimechutama, midomo nimeibana, napuliza, ndipo nikasikia kikohozi upande wa pili wa njia. Kilianza chini, kikapanda, kikamalizikia na mluzi mwembamba. Nilidhani ni changu. Kikaja tena, na mimi mdomo nimeufunga.

"Mugonile, tata," nikamsikia wifi akimwamkia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa.

Mzee akaitikia. Hakupita. Alisimama palepale akazungumza na bintiye, habari za ndama, habari za mpunga, habari za mtu fulani aliyechukuliwa na boma kubeba mizigo. Aliongea kwa vipande, neno moja, kimya, neno jingine. Mimi chini ya kaniki nikajiambia, mzee huyu ananichelewesha makusudi. Anataka nishindwe kukaa, niinuke, nimwone, iwe kesi.

Siku iliyofuata alikuwepo. Na iliyofuata. Machale yakanicheza. Nikabadili saa, nikamwambia wifi twende jua likiwa juu, nikamkuta. Nikazunguka kwa njia ya kijitoni, ndefu na mbaya. Siku chache nikastarehe, halafu kile kikohozi kikatokea huko nako, ng'ambo ya matete. Mtu ambaye kwa mila anapaswa kuwa mbali nami kuliko wanaume wote wa dunia, alikuwa ananifuata.

Nilikuwa na dhana za kutosha. Labda wifi amemtuma, wanisukume kwa zamu mpaka nianguke. Au mzee ni mmoja wa wale waliosemekana kuona wachawi ndotoni, na ananivizia aone chatu wangu akitoka. Kile kikohozi ndicho kilichoniudhi kuliko vyote. Kilikuwa changu, mpaka ule mluzi wa mwisho. Niliamini ananiiga. Nilichutama pale nikiwa na hasira, na nisingeweza hata kugeuza kichwa nimkazie jicho.

Nilimwuliza mume wangu kwa kuzunguka.

"Baba siku hizi anakwenda wapi kila asubuhi?"

"Ananyoosha miguu."

"Kwa baridi hii?"

"Mzee hapangiwi."

Naye pia nikamtilia shaka. Alijibu upesi mno.

Halafu ng'ombe wa jirani akatupa mimba. Si jambo la ajabu, ng'ombe hutupa mimba, lakini yule alikuwa ng'ombe mzuri na mwenyewe alitaka kujua sababu. Watu wakaanza kukumbuka nani alipita wapi. Wifi akakumbuka kilima. Sikuwepo alipowapeleka, nilisimuliwa baadaye na watu waliofurahia kusimulia. Aliwaonyesha mahali majani yalipolala kwa kukaliwa. Akauliza, mtu anayempisha mkwe anakaa mahali pamoja kila siku ana nini hapo? Wakafukua kwa jembe, wakatoa kijungu changu, na kifuniko chake, na kilichomo.

Hata mimi ningeogopa. Chungu cha kigeni kimefukiwa karibu na njia, ndani kina uchafu wa mtu. Ikombe ungemwambia mtoto kwamba ni kijungu cha kutemea angesema sawa. Ngana kilikuwa kitu cha kutoshikwa kwa mkono. Walikibeba kwa jani la mgomba.

Walikutana uani kwetu, mbele ya zizi. Mimi niliambiwa nikae ndani, nyuma ya ukuta wa matete, na binti yangu nimempakata. Nilisikia kila neno. Mwenye ng'ombe aliongea, wifi akaongea, mume wangu akaongea kidogo sana. Mtu mmoja akataja Ikombe, akataja mtumbwi, akasema jambo hili lisifike bomani, linamalizwa kimyakimya kwa kila mtu kurudi alikotoka. Nilimkumbatia mtoto mpaka akalalamika. Kukohoa nilitaka, sikuthubutu. Nilimeza kikohozi mara baada ya mara, nikahisi mbavu zinapasuka.

Ndipo fimbo ikagonga, na watu wakanyamaza. Wazee hawakuwa na kawaida ya kuja upande wetu. Nikajifunika kaniki kichwani hata pale ndani, kwa mazoea, nikajua sasa ndipo nitakapozikwa. Shahidi wangu wa kila siku alikuwa amefika.

"Hicho kijungu ni changu," alisema mzee.

Jani la mgomba likachakacha.

"Chako, tata?" Wifi huyo.

"Changu. Natema makohozi. Nilikifukia watoto wasikikanyage. Nipeni."

"Lakini kilikuwa upande anaojificha yeye, tata."

"Mimi hupumzika pale. Nikitoka njiani ndipo anaingia kunipisha." Akasubiri pumzi. "Mkamwana anayenipisha hata asiponiona, mnataka kumrudisha kwao? Kwa kosa gani? La adabu?"

Kisha akakohoa, kile kikohozi chenye mluzi, akakohoa muda mrefu huku watu wakingoja, na nikasikia akitema, na kifuniko kikirudishwa mahali pake. Alikitemea kijungu changu mbele yao wote. Baada ya hapo nani angeuliza tena?

Ungedhani nilimshukuru. Sikumshukuru hata moyoni. Nilikaa nyuma ya ukuta nikijiuliza mzee huyu anataka nini. Alijua wazi kwamba kijungu si chake. Alikuwa amesema uongo mbele ya majirani na mbele ya mwanawe, na mtu hasemi uongo mkubwa hivyo bure. Nikaanza kusubiri bei yake. Nilisubiri atume neno kwa mama mkwe, nipewe kazi fulani, nidaiwe mtoto akalelewe kwao. Neno halikuja. Kilichokuja ni kikohozi chake, kila siku palepale, na mimi nikachutama na kujifunika, nikipumzika na kumshuku kwa wakati mmoja.

Miaka ile watu wengi wa kwetu walianza kubatizwa, na wifi alikuwa wa mwanzo. Akaja na habari kwamba kwa Wakristo mkamwana anampa baba mkwe mkono na kumsalimu uso kwa uso, na kujificha ni mambo ya kizamani. Alilisema hilo mbele yangu akinitazama. Nikajua anataka kuninyang'anya migomba yangu. Mzee alipoulizwa alisema wengine wapeane mikono, yeye ni mzee, aachwe na mila yake. Nami nilibatizwa baadaye, na hata hivyo niliendelea kumpisha. Mwalimu wa dini alinisifu kwa unyenyekevu. Sikumsahihisha.

Mzee alifariki kipupwe, kabla vita vya Wazungu havijatufikia. Wanaume wanaojua kazi hiyo walimpasua watafute sababu ya kifo, kama ilivyokuwa desturi, kimyakimya, kwa sababu boma na misheni hawakulipenda jambo hilo. Walitoka wakasema hakuna chatu wala alama ya mkono wa mtu. Mapafu tu, meusi na magumu kama kitako cha chungu. Niliposikia hivyo niliweka mkono kifuani mwangu, nikauacha hapo.

Sisi wanawake tulikaa matanga juu ya majani ya migomba, ndani ya ile nyumba ambayo sikuwahi kuiingia. Nilitazama kila kitu kwa wizi. Karibu na nguzo ya katikati ukuta ulikuwa umelainika kwa kuegemewa. Mama mkwe aliona ninapotazama.

"Alilala ameketi," alisema. "Miaka na miaka. Ameegemea hapo kama anayengoja kuitwa."

Niligusa pale ukutani kwa ncha ya vidole.

"Alipokuwa kijana alikwenda milimani kwa Wakinga, akavuta mivukuto ya wahunzi wao. Alirudi na majembe, na kifua kile." Akaniinamia ili wengine wasisikie. Wifi tu, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia. "Njia ya kutoka hapa mpaka kwenye ile migomba, wewe unaijua. Yeye alitoka jua likichomoza ili ufike umkute. Anakwenda kidogo, anakaa. Anakwenda kidogo, anakaa. Nilimwambia, mzee, utafia njiani. Akasema, mtoto wa Ikombe anapumua kama mimi, na hana pa kukaa. Akinipisha mimi, nani atamwuliza?"

Nilikuwa nimelia tangu asubuhi, kwa desturi. Sasa nililia kweli. Nililia kwa kumkumbuka akisimama pale njiani akiongea kwa vipande, habari za ndama, habari za mpunga, anatafuta maneno ya kuongeza ili mimi nikae zaidi, na yeye mwenyewe hana pumzi ya kuyasemea. Nami chini ya kaniki namlaani.

Matanga yakaisha, viazi vikatungoja. Wifi akanipitia kama zamani, na jembe lake begani, na macho yake. Tulipokaribia kilima kifua kikaniambia. Nikakumbuka kwamba sina tena wa kumpisha. Njia ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na uwazi wake ulinitisha. Nikajisemea nitapanda hivyohivyo, nikianguka nianguke, binti yangu sasa anajua hata kusonga ugali. Nikabana midomo nikaanza kupuliza.

Mbele yangu wifi alisimama. Alishusha jembe begani, akalilaza chini. Hakunitazama. Aligeuza mgongo, uso kuelekea kijitoni.

"Subiri," alisema. "Tata anapita."

Niliutazama mgongo wake kwa muda. Nilitafuta mtego uko wapi, kama ilivyo kawaida yangu. Hakugeuka. Basi nikaingia kwenye migomba, nikachutama mahali pangu, nikajifunika kaniki kichwani, na tukamngoja mpaka akapita.